Cherehani na sabuni ndani ya chumba kimoja: jibu kwa fundi wa Mwandiga

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi cherehani hapa Mwandiga, nje kidogo ya Kigoma mjini. Nashona magauni ya vitenge, mifuko na vitambaa vya makochi, na ndiyo kazi inayolisha watoto wangu. Mwaka huu akina mama wa kikundi chetu walinifundisha kutengeneza sabuni za vipande kwa mawese na kostiki, ile soda kali, na nimeipenda mno, kila nikipata nafasi nakoroga. Sasa shida zimeanza. Chumba ninacho kimoja tu. Mwezi uliopita gauni la mteja lilitoka na madoa meupe kifuani na sikujua yametoka wapi. Vidole vimechanika, nikishika satini inanasa. Sabuni yenyewe safari nyingine inatoka nzuri, safari nyingine inawasha na kutoa jasho. Jirani ananishauri niachane na kostiki nitumie magadi kwa kuwa ni ya asili. Mama mkwe anasema mshika mbili moja humponyoka, nichague moja. Je, niache sabuni?"

Marahaba dada yangu, na pole kwa vidole.

Umeniuliza mambo manne kwa mpigo: gauni lililoharibika, mikono, sabuni isiyotabirika, na neno la mama mkwe. Nianze na hilo la mwisho, maana naona ndilo linalokukosesha raha. Sioni sababu ya wewe kuacha sabuni. Ninachokiona ni kazi mbili zilizokutanishwa mahali ambapo hazitakiwi kukutana, na mojawapo inashika mali za watu. Kitambaa cha mteja ni amana. Mtu amekinunua kwa pesa yake, amekukabidhi kikiwa kizima, anategemea kukichukua kikiwa gauni. Sabuni ni yako. Ikiharibika, yameharibika mawese yako. Kwa hiyo katika yote nitakayokueleza, popote sabuni na cherehani zitakapogombana, cherehani ndiyo ishinde.

Mama mkwe naye usimpuuze, ana hoja. Kushona kunataka mikono yako kila dakika: ukiinuka tu, gauni limesimama. Lakini sabuni haiko hivyo. Inakutaka saa moja na nusu au mbili za kupima, kukoroga na kumimina, kesho yake nusu saa ya kukata, halafu inataka uiache wiki nne hadi sita ikauke. Kazi ya namna hiyo inaweza kuishi pembeni ya cherehani bila kuila siku, ila iwe na siku yake. Wewe umeandika "kila nikipata nafasi nakoroga". Hapo ndipo moja inapoponyoka. Ukikoroga katikati ya oda mbili, unafanya haraka, unapima kwa macho, unarudi kwenye satini na mikono isiyooshwa sawasawa, na ndoo yenye mabaki inabaki mlangoni mtoto anapita.

Sasa gauni. Sijaliona, kwa hiyo siwezi kuapa, lakini madoa meupe kifuani kwenye nyumba inayokorogwa sabuni yananifanya nifikirie kostiki kwanza. Ukiimwaga kostiki kwenye maji inachemka yenyewe, joto linapanda hadi karibu nyuzi 80 au 90 bila moto wowote, na matone madogo yasiyoonekana yanaruka. Ukikoroga kwa nguvu, yanaruka mengine. Tone linatua kwenye kitenge kilichokunjwa mezani, linakauka, hulioni. Siku ya kumalizia unanyunyizia maji, unapitisha pasi ya moto, na pale pale ile kostiki iliyolala inaamka, maana ina maji na joto kwa pamoja. Rangi za vitenge vingi vya bei ya chini hazistahimili hali hiyo. Pamba yenyewe huwa haiozi upesi kwa kostiki, ndiyo maana kitambaa kinabaki kizima lakini rangi imepauka. Ingekuwa hariri au sufu, kingekuwa kibaya zaidi, kwa sababu nyuzi hizo zinatokana na wanyama na kostiki inaziyeyusha kabisa. Poliesta iko katikati: haiyeyuki mbele ya macho yako, lakini uso wake unaliwa kidogo kidogo na mshono unadhoofika.

Kabla ya kukata tamaa, lifue gauni hilo kwa maji mengi ya kawaida, ulisuuze mara kadhaa, na suuzo la mwisho utie kijiko cha siki kwenye beseni. Kama yale meupe ni unga wa kostiki uliokauka juu ya kitambaa, yataondoka. Yakibaki, rangi imeshaliwa na haitarudi. Mweleze mteja ukweli na mkubaliane fidia. Jambo jingine la kujiuliza: je, kuna dawa ya kung'arisha nguo nyeupe inayotumika chumbani humo? Nayo inaacha madoa yanayofanana sana na hayo.

Madoa ya mawese ni habari nyingine, na hayo yana dawa. Yale ya rangi ya chungwa yanatokana na karotini, rangi ileile inayofanya karoti iwe karoti. Yapake sabuni ya kuondoa mafuta, yafue, kisha anika nguo juani ikiwa bado na unyevu. Jua hula karotini. Doa lililogoma kwenye beseni mara nyingi huisha kwenye kamba baada ya jua kali la siku moja au mbili.

Tuje kwenye magadi, maana ushauri wa jirani umeenea sana na una hatari yake. Magadi na kostiki vyote ni vyeupe, vyote ni alikali, yaani kinyume cha asidi, vyote huitwa "soda" madukani, basi watu huvidhania ndugu wanaoweza kubadilishana kazi. Magadi yana nguvu ndogo mno. Mafuta yameundwa kwa asidi za mafuta zilizoshikana na glaiserini. Ili yawe sabuni, lazima kitu kikali kivunje ule mshikamano, kizichukue zile asidi na kuiacha glaiserini huru. Kostiki inaweza. Magadi hayawezi kuuvunja kama inavyotakiwa hata ukoroge kutwa.

Sasa utauliza, mbona jirani alikoroga mawese na magadi yakawa mazito? Ni kweli yanakuwa mazito. Mawese ya kukamuliwa kijijini, hasa yaliyokaa, huwa na asidi nyingi zilizokwisha kuachana na glaiserini zenyewe, kwa sababu chikichi zilikaa siku kadhaa kabla ya kukamuliwa. Hizo asidi huru magadi yanazishika na kutengeneza sabuni kidogo. Unaona uji mzito, unafurahi, kumbe sehemu kubwa ya mafuta bado ni mafuta. Kipande kinabaki chororo, kinateleza mkononi bila povu, na baada ya muda kinanuka mafuta yaliyoharibika. Maji ya majivu nayo ni njia ya bibi zetu na ninaiheshimu, lakini nguvu yake inabadilika kila unapobadilisha kuni, na sabuni yake huwa laini, si ya kukata vipande.

Neno "asili" lisikutishe wala lisikudanganye. Kwenye sabuni iliyopimwa sawasawa, kostiki haibaki. Yote imeungana na mafuta. Inayobaki na kuwasha ni ile iliyozidi. Ndiyo maana nakuja kwenye kupima, na hapa naomba unisikilize vizuri kuliko mahali pengine popote.

Sabuni yako inayotoka nzuri safari moja na kuwasha safari nyingine inaniambia unapima kwa kikombe. Kostiki ya chengachenga na kostiki ya punje ndogo hazijai kikombe kwa uzito mmoja. Isitoshe, ile tunayonunua dukani imechotwa kutoka kwenye gunia na kufungwa kwenye mfuko laini wa nailoni. Kostiki hufyonza unyevu wa hewani pamoja na hewa ya ukaa, na kidogo kidogo hugeuka kuwa kitu cha jamii ya magadi. Ukiona chenga zimeshikana bonge, zimelowa au zina vumbi jeupe la unga juu, nguvu imepungua na huwezi kujua kwa kiasi gani. Usiitumie. Nunua iliyo kavu, yenye chenga zinazolia ukitikisa mfuko, na ukifika nyumbani ihamishie kwenye kopo la plastiki gumu lenye mfuniko wa kukaza.

Mafuta nayo yapime kwa uzito yakiwa safi. Mawese ya Kigoma tunayoyanunua kwa dumu mara nyingi yana maji na machicha chini. Ukipima kilo moja kumbe gramu mia ni maji, umeweka kostiki ya kilo nzima kwa mafuta yasiyofika kilo, na hapo muwasho umeshauandaa mwenyewe. Yachemshe taratibu hadi yaache kulia na kutoa povu, yaani maji yameisha, yaache yatulie, kisha yachuje kwa kitambaa. Usiende mbali zaidi ya hapo. Najua kuna wanaoyachoma mawese hadi rangi ipotee yawe meupe. Hilo linahitaji joto la karibu nyuzi 200, na mafuta ya joto hilo yakishika moto ndani ya chumba chenye vitenge na uzi, hakuna wa kuuzima. Kipande cha rangi ya chungwa hakina ubaya, na rangi hiyo yenyewe hufifia kikikaa.

Vipimo ni hivi. Gramu 1000 za mawese huhitaji takriban gramu 141 za kostiki ili zote zigeuke sabuni. Gramu 1000 za mafuta ya mise, yaani ya kokwa za chikichi, huhitaji takriban 172. Alizeti, takriban 135. Umeona tofauti? Ndiyo maana kubadilisha mafuta bila kubadilisha kostiki huharibu kila kitu. Ukishapata jumla ya kostiki, ipunguze asilimia 5, ili mafuta kidogo yabaki bila kuguswa. Hayo ndiyo kinga yako dhidi ya kosa dogo la mzani, na ndiyo yanayofanya kipande kisikaushe ngozi.

Kwa sabuni ya kuogea mimi hupenda kuchanganya mawese gramu 700 na mise gramu 300. Mawese hutoa ugumu, mise hutoa povu. Moja bila mwenzake ina kasoro. Mawese matupu yana povu la uvivu, na mise matupu huvua mafuta ya ngozi hadi inakakamaa. Kwa mchanganyiko huo kostiki ni gramu 142 na maji gramu 300. Mise iliyokaangwa sana kabla ya kukamuliwa hutoa mafuta meusi yenye harufu ya moshi, na harufu hiyo haiondoki hata utie manukato. Chagua iliyo ya rangi ya dhahabu. Nunua mzani wa jikoni wa kidijitali unaosoma gramu moja moja. Kama mfuko hauruhusu mzani mwezi huu, subiri mwezi ujao ndipo ukoroge.

Kostiki ndiyo inamiminwa kwenye maji, kidogo kidogo, na kamwe maji yasimiminwe juu ya kostiki, kwa sababu hulipuka na kukurukia usoni. Fanyia nje, upepo ukiwa mgongoni. Ukiona maji yaliyokuwa meupe kama maziwa yamerudi kung'aa, na ndoo ukiigusa kwa nje ni vuguvugu, ndipo unachanganya na mafuta nayo yakiwa vuguvugu. Koroga hadi mwiko ukiinuliwa uache mchirizi unaokaa juu kidogo kabla ya kuzama. Hapo mimina kwenye kalibu.

Na tafadhali, sufuria. Sufuria zetu karibu zote ni za alumini, na kostiki hula alumini. Inachemka, inageuka nyeusi, na hewa inayotoka ni haidrojeni, inayoshika moto kirahisi. Kama umekuwa ukitumia sufuria ya nyumbani, hiyo peke yake inatosha kukupa sabuni ya kijivu yenye kostiki pungufu leo na tofauti kesho. Tumia ndoo ya plastiki ngumu au chombo cha chuma kisichoshika kutu, mwiko wa plastiki au wa mbao, na vyombo hivyo visirudi jikoni. Hata cherehani yako iepushe: mashine nyingi za umeme na za ovaloki zina sehemu za alumini ndani na nje.

Jasho linaloonekana juu ya vipande si lazima liwe ugonjwa. Ile glaiserini iliyoachwa huru imebaki ndani ya sabuni yako, na yenyewe hupenda maji, huyavuta kutoka hewani. Masika yakishika, hewa ya kando ya ziwa ikiwa nzito, vipande vitatoka matone. Yafute, vipe hewa, basi. Lakini kama umajimaji unateleza na ukiugusa unachoma, au ukikata kipande unakuta vifuko vya maji ndani, hiyo ni kostiki ambayo haikuungana, usimpe mtu. Karatasi za kupimia pH, yaani kipimo cha asidi na alikali, zinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya maabara. Lowesha kipande kilichokaa wiki nne, sugua hadi kipate povu, gusisha karatasi. Ikisoma 9 au 10, ni kawaida ya sabuni. Ikipanda hadi 12, bado ni mbichi au imezidi. Kuna wanaopima kwa ncha ya ulimi; mimi sikushauri.

Nirudi kwenye vidole, kwa kuwa vidole ndivyo mtaji wako. Ngozi ya binadamu ina uchachu kidogo, pH yake ni kama 5. Kila unapogusa uji mbichi wa sabuni au kuosha vyombo vyake kwa mikono mitupu, unaondoa mafuta yanayoshikilia ngozi pamoja. Inakauka, inapasuka, kingo za mpasuko zinasimama kama magamba madogo, na hizo ndizo zinazonasa nyuzi za satini na shifoni. Ukiangalia kwa karibu kidole cha shahada na gumba, upande unaobana kitambaa kikipita chini ya sindano, ndipo penye mistari mingi. Vaa glovu za mpira ndefu zinazofika karibu na kiwiko tangu unafungua kopo la kostiki mpaka chombo cha mwisho kimeoshwa, hata siku ya kukata, kwa sababu kipande cha siku ya pili bado ni kikali. Miwani ya kinga pia, na hili halina mjadala. Usiku paka mafuta ya mgando kwa wingi, vaa soksi safi za pamba mikononi, lala nazo. Mchana usipake, utatia alama kwenye kazi za watu. Na kwa sasa, mpaka mipasuko ifunge, usikoroge kabisa. Ikipita wiki mbili haijafunga, au inatoa majimaji, au inawasha hadi juu ya kifundo cha mkono, nenda ukaonwe na daktari. Inaweza kuwa pumu ya ngozi au aleji, na hiyo haiponi kwa mafuta ya dukani.

Kuhusu chumba kimoja, nitakuwa mkweli: hakuna namna salama ya kukoroga sabuni ndani ya chumba chenye vitambaa vya wateja. Kukoroga kuwe nje, uani, chini ya paa la bati au mti, kwenye meza ambayo hukatii nguo. Kama nyumba mnayopanga haina ua, zungumza na kikundi chenu mkakorogee kwa mmoja mwenye nafasi, siku moja kwa pamoja. Sabuni iliyokwisha kukatwa inaweza kukaa ndani, juu kwenye rafu ya mbao, mbali na kitambaa, hewa ikipita katikati ya vipande. Vitambaa vya wateja vikae kwenye sanduku au mfuko uliofungwa hadi siku ya kuvikata, vikiwa vimeandikwa jina. Hilo linakusaidia pia kwa upande wa pili: vumbi la pamba kutoka kwenye mkasi na ovaloki hutua kwenye uji wa sabuni, na hakuna anayetaka kuogea sabuni yenye nyuzi. Nguo unayokorogea iwe moja, ya mikono mirefu, uivue huko huko nje kabla ya kukaa kwenye cherehani.

Jambo moja naliona mafundi wengi wa kwetu hawalitumii, nalo ni majira. Kigoma mvua hunyesha kuanzia karibu Novemba hadi Aprili. Huo ndio wakati mbaya kwa sabuni, haikauki na inatoa jasho, na ndio wakati cherehani inapolemewa: Krismasi, mwaka mpya, halafu sare za shule za Januari. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, hewa ni kavu, sabuni inakauka vizuri, na oda za nguo, ukiacha harusi na sikukuu ya Idi ikiangukia huko, zinapungua. Basi koroga kiangazi. Siku moja kila baada ya wiki mbili inatosha kabisa kwa mtu anayefanya kwa kupenda. Mzigo wa mwisho uingie kwenye kalibu mapema Oktoba, ili kufikia Desemba uwe na sabuni iliyokomaa ya zawadi au ya kuuza, wakati wewe mwenyewe uko kwenye sare na hushiki kostiki kabisa. Ukiona oda mbili zimechelewa, siku ya sabuni inafutwa bila majadiliano.

Pesa pia zitenge. Mteja anapokupa kianzio cha gauni, ile ni ya zipu, lesi na uzi wake. Ukinunulia dumu la mawese, umeifunga kwenye kitu kitakacholala wiki sita kabla ya kurudisha hata shilingi. Nimeona mafundi hodari wakigombana na wateja kwa sababu hiyo, na wala si kwa sababu walishona vibaya. Sabuni ijinunulie yenyewe: anza na kilo moja ya mafuta, na mzigo unaofuata ununuliwe na sabuni iliyouzwa.

Umesema unaipenda. Hilo nalo lina thamani yake. Si lazima kila kipendwacho kigeuzwe biashara, na ningekuwa wewe, kiangazi hiki chote ningetengeneza ya nyumbani na ya ndugu tu, nikijifunza mkono. Vipande vya kitenge vinavyobaki mezani vina kazi nzuri hapa. Shona vifuko vidogo vya kufunga sabuni, au kata mikanda ya kuizungushia. Ila subiri ikauke kabisa kwanza. Sabuni mbichi hunyonya rangi ya kitenge, na kitenge nacho kinapauka. Siku ukiamua kuuza rasmi, usiuze kimya kimya. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi umehamia TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na sabuni ya kuogea unayoiuza kwa watu inahitaji kufuata viwango vyao. Mlango wa kuanzia ni ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, hapo Kigoma mjini. Wanafundisha utengenezaji na wanawaongoza wajasiriamali wadogo hatua za kufika TBS. Wapelekee kipande chako na vipimo ulivyoandika kwenye daftari. Mtu akikishika kwa mkono wake na kukitazama kikikatwa, atakuambia mengi ambayo mimi kwa maandishi siwezi.

Kabla sijakuachia, mambo ya dharura, nayo uyafundishe kila mtu mzima nyumbani. Kostiki ikikumwagikia, vua nguo iliyolowa na mwagia maji yanayotiririka dakika 20 bila kuacha. Usipake siki, limau wala dawa ya meno. Siki ikikutana na kostiki kwenye ngozi inaongeza joto na inakupotezea muda wa maji. Ikiingia jichoni, fungua kope kwa vidole, mimina maji safi nusu saa nzima, kisha nenda moja kwa moja Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni, au kituo cha afya kilicho karibu zaidi, hata kama maumivu yamepoa. Kostiki huendelea kuzama ndani ya jicho huku mtu akidhani amepona. Mtoto akinywa, msuuze mdomo, usimtapishe, kimbia hospitali. Na usiwahi, hata kwa dakika tano, kuweka maji ya kostiki kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda. Koo likiungua kwa namna hiyo hupona kwa makovu yanayoziba njia ya chakula, na mtoto hubaki na shida hiyo miaka mingi. Kopo lako liwe na alama, liwe juu, lifungwe kwa ufunguo.

Zile sabuni zinazowasha ulizonazo sasa, usizitupe na usizigawe. Vaa glovu, zikwangue ziwe chenga, zipime. Ziweke kwenye chombo kisicho cha alumini pamoja na maji kidogo, kiasi cha kulowesha tu, juu ya sufuria nyingine ya maji yanayochemka. Zikilainika ongeza mafuta ya mise yaliyopashwa, gramu 50 kwa kila kilo ya chenga, koroga taratibu hadi uji uwe mmoja, kisha rudisha kwenye kalibu. Ziache wiki nne tena, zipime kwa karatasi. Zikiwa bado zinasoma 12, zitumie kusugulia sakafu kwa glovu, na mzigo unaofuata uanzie kwenye mzani.